Watoto wangu wanakula duka langu

Shikamoo mama.

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Igoma hapa Mwanza na mume wangu na watoto wetu wawili, wa kiume ana miaka 13 na wa kike 9. Nina duka dogo karibu na geti la shule ya msingi. Nauza biskuti, krispi, keki za kufungwa, soda, juisi za chupa, tambi za pakiti, na nina friji moja ya soseji ambazo nazikaanga mlangoni jioni wanafunzi wakitoka. Duka hili ndilo lililotuvusha mpaka tukapata kiwanja. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha samaki, kwenye minofu ya sangara, mwaka wa kumi na tano sasa.

Mwezi wa tatu mume wangu alishikwa na kizunguzungu kazini. Alipopimwa, presha ilikuwa 148 kwa 94 na sukari ya asubuhi kabla hajala 6.7. Mhudumu alimwambia kisukari bado, ila amesimama mlangoni, apunguze chumvi na sukari na arudi baada ya miezi mitatu. Ana miaka 41. Ile karatasi aliikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati la kazi, na tangu siku hiyo hataki kuizungumzia. Wiki ileile binti yangu aling'olewa magego mawili. Daktari wa meno aliniuliza anakula nini, nikaona aibu kujibu, kwa sababu anakula duka langu.

Ndivyo ilivyo, mama. Nafunga saa tatu usiku. Nikifika nyumbani mkaa hauwashiki, miguu imevimba, watoto wana njaa. Nachukua pakiti nne za tambi, soseji zilizobaki, mkate na soda, dakika kumi tunakula. Sijanunua kitu, ni vya bure kutoka dukani. Asubuhi wanaondoka na biskuti na juisi ya chupa. Binti amenenepa, wenzake wanamwita bonge, na choo anapata kwa shida mpaka analia.

Sasa mama mkwe alikuja kutoka Sengerema kukaa nasi wiki tatu. Alikuja na furushi la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, udaga, yaani muhogo uliochachushwa na kukaushwa, pamoja na dagaa na kunde. Siku ya tatu alimkuta mjukuu wake wa kike amekaa kizingitini, amevunjavunja tambi mbichi ndani ya pakiti, amemwagia ule unga wa kiungo, anatikisa, anakula hivyohivyo. Alipomaliza akaramba kiganja, kimekuwa cha rangi ya chungwa. Bibi akamuuliza, "Mjukuu wangu, hicho ni chakula au ni dawa?" Mtoto akamwambia, "Ni chakula bibi, onja." Bibi akaonja, akatemea kwenye upindo wa kanga, akaniangalia. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Jioni ile akasonga ugali wa udaga, akaunga dagaa kwa nyanya, akachemsha michembe. Mume wangu aliporudi akasimama juu ya sinia akasema, "Mama, mimi michembe nilikula kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Sikuvumilia baridi ya kiwandani miaka yote hii ili wanangu waje wale njaa yangu." Akamtuma kijana dukani alete soseji. Mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, ndiyo kabisa hataki kuyaona nyumbani, anasema ile ni harufu ya kazi. Mama yake aliondoka kabla wiki tatu hazijaisha, na ninajua ana kinyongo na mimi, siyo na mwanawe.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki. Kuna mtoto wa darasa la pili anakuja kila asubuhi na mia tano yake, hajanywa chai kwao. Anachukua biskuti na kinywaji cha rangi, anakunywa palepale amesimama, anaingia darasani. Tangu binti yangu ang'olewe meno, nikimpa kile kinywaji mkono unakuwa mzito. Lakini zaidi ya nusu ya faida yangu inatoka kwa watoto hao, na nina marejesho ya kikoba kila Jumamosi.

Nifunge duka? Nibadilishe biashara? Na mume wangu nitamwambiaje bila yeye kuona namrudisha kwenye umaskini alioukimbia? Nimesikia kwenye redio kwamba vyakula hivi vya viwandani vinaleta kisukari na saratani, nikazima redio. Nahisi mimi ndiye niliyemwumiza mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama wa dukani, Igoma

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa uliyobeba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali la chakula, mara ya pili swali la biashara, mara ya tatu nikaona mume wako amesimama juu ya lile sinia. Nadhani yote matatu yamefungwa kwenye fundo moja, ndiyo maana ukivuta uzi mmoja mwingine unakaza.

Niliseme nilivyolielewa ili unisahihishe. Una duka linalolisha nyumba kwa fedha, na nyumba hiyohiyo inalishwa kwa bidhaa za duka. Vyakula hivyo sasa unaviona kwenye meno ya binti, kwenye karatasi ya mume, na mkononi mwa mtoto wa jirani. Mwenye jibu la jikoni, mama mkwe wako, amelileta kwa njia iliyogusa kidonda cha mwanawe. Wewe umebaki katikati, umejihukumu tayari.

Tuanze na ile redio uliyoizima, maana hofu isiyo na maelezo hukua usiku.

Vyakula vinavyosemwa ni vile vilivyosindikwa kupita kiasi. Mtafiti wa Brazili, Carlos Monteiro, na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo ndio waliopendekeza mwaka 2009 kwamba tusiishie kuhesabu sukari na mafuta tu, tuangalie pia chakula kimefanywa nini kiwandani na kwa kusudi gani. Walivigawa vyakula makundi manne. Hapa kwetu ningeyaeleza hivi. La kwanza ni sato, maharage, ndizi, maziwa, unga wa dona, yaani chakula ambacho bado unamjua baba yake na mama yake. La pili ni chumvi, sukari na mafuta ya kupikia, ambavyo havikai sahani peke yake. La tatu ni samaki wa kopo, au mkate wa kawaida wa unga, hamira, maji na chumvi. La nne ni vile ambavyo kiwanda kimekivunja chakula vipandevipande, kikachukua wanga huku, mafuta kule, kikaunganisha upya kwa rangi, ladha za kutengenezwa na vitu vya kushikanisha, mpaka kikapatikana kitu kitamu, laini, kisichooza upesi. Soda, krispi, soseji nyingi, tambi za pakiti na kile kinywaji cha rangi vyote vimo humo. Njia nyepesi ya kuvitambua ni kugeuza pakiti mgongoni. Ukikuta majina ambayo hujawahi kuyaweka kwenye kabati la jikoni, ujue upo kundi la nne.

Ubaya wake umethibitika kwa kiasi gani? Hapa nataka niwe mwaminifu kwako. Tafiti nyingi huwafuata watu kwa miaka, zikilinganisha wanaokula sana vyakula hivi na wanaokula kidogo. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio yaliyokusanya tafiti za namna hiyo zenye watu karibu milioni 10, na ulaji mkubwa ulikwenda pamoja na kisukari cha ukubwani, unene na vifo vya ugonjwa wa moyo. Kwenda pamoja si lazima iwe kusababisha, kwa sababu anayekula sana vyakula hivi huenda pia halali vizuri au hana muda wa kutembea. Lakini kuna jaribio moja la mwaka 2019, la Kevin Hall na wenzake huko Marekani, ambalo mimi hulirudia kila nikizungumza na akina mama. Waliwaweka watu 20 kwenye kituo cha utafiti kwa mwezi mmoja. Wiki mbili waliwapa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida, na milo ilisawazishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kila mtu aliruhusiwa kula mpaka atosheke. Kwenye vile vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku, walikula kwa haraka zaidi, na waliongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vya kawaida walipungua karibu kilo hiyohiyo.

Umeona jambo hapo? Wale watu hawakuwa walafi wala mama zao hawakuwa wazembe. Chakula chenyewe kilikuwa laini, chepesi kumeza, na tumbo lilichelewa kujua kwamba limeshiba. Binti yako anapomaliza pakiti na kuramba kiganja, hana tabia mbaya, chakula kile kimetengenezwa kirambwe. Kwa hiyo tafadhali, lile jina la bonge lisiingie ndani ya nyumba hata kwa utani. Asiwekewe sahani yake ya peke yake na asipimwe kilo mbele ya kaka yake. Kitakachobadilika kibadilike kwa wote wanne.

Kuhusu saratani, kilicho wazi zaidi ni nyama za kusindikwa kama soseji. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba zinasababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba kula gramu 50 kila siku kunapandisha hatari hiyo kwa asilimia kama 18. Hilo ni ongezeko juu ya hatari ambayo mtu tayari anayo. Halina maana kwamba kati ya walaji 100, 18 wataugua. Soseji ya sikukuu na soseji ya kila usiku ni habari mbili tofauti.

Sasa niruhusu nikuulize maswali mawili matatu, siyo kwa kukubishia.

Umeandika kwamba vya dukani ni vya bure. Ni kweli? Pakiti nne za tambi, soseji, mkate na soda kila usiku, ungeziuza ungepata shilingi ngapi? Chukua daftari, kwa siku kumi na nne andika kila kinachotoka dukani kwenda nyumbani kwa bei ya kuuzia. Usibadilishe kitu, andika tu. Akina mama wa maduka wengi ninaozungumza nao hushtuka wakijumlisha, kwa sababu walidhani wanaokoa mabaki kumbe wanakula mtaji. Huenda ukakuta kopo la dagaa na fungu la mchicha lina bei ndogo kuliko chakula chako cha bure. Huenda pia ukakuta sivyo, maana mkaa una bei yake na nyanya zina msimu. Vyovyote itakavyokuwa, utakuwa na hesabu mkononi, na mume wako, mtu wa kiwandani aliyezoea mizani, anaweza kuisikia hesabu pale asipoweza kusikia lawama.

Swali la pili ni hili: je, kila cha pakiti ni adui na kila cha Sengerema ni dawa? Mimi ni mtu wa michembe, nimekulia humo, lakini sitakudanganya. Muhogo mchungu usiolowekwa na kuchachuliwa vizuri una sumu yake. Karanga na mahindi yenye ukungu yana sumukuvu. Chipsi mayai za pale stendi si za kundi la nne, viazi vimemenywa mbele yako, lakini mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi hayamfai mwenye presha. Na chai yenye vijiko vinne vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, inaishinda soda. Upande wa pili, maziwa ya pakiti yasiyoongezwa kitu ni maziwa. Nakuambia haya ili usije ukagawanya nyumba kuwa kambi ya bibi na kambi ya baba, watoto wakalazimika kuchagua.

La tatu ni zito zaidi. Umesema mume wako anaona unamrudisha kwenye umaskini. Alikuambia hivyo, au umelisoma kwenye uso wake? Maneno aliyoyasema mbele ya mama yake, kwamba wanawe wasile njaa yake, mimi sikusikia dharau ndani yake. Nilimsikia mtoto aliyewahi kulala bila kushiba. Kwake soseji mezani ni ushahidi kwamba jasho lake halikupotea. Halafu anaambiwa mwili wake umefika mlangoni mwa kisukari. Mtu aliyejenga nyumba yake juu ya ushahidi huo, ukimwambia ushahidi wenyewe ndio unaomdhuru, atakunja karatasi mara nne. Pengine anaogopa kuliko wewe.

Na wewe, kusema umemwumiza mwanao kwa mkono wako, hebu tulitazame hilo. Ulimlisha usiku wa saa tatu na miguu imevimba. Duka liko pale kwa sababu fedha ilihitajika. Shule ina watoto wanaokuja bila chai. Hayo yote hukuyaumba wewe. Majuto yanaweza kukusukuma hatua moja, ila yakizidi yanakulaza, na mwenye majuto mengi hufanya mabadiliko ya ghadhabu ya siku tatu, ya nne anarudi palepale.

Njia ninazoziona ni hizi, na kila moja ina mwiba wake.

Kufunga duka kabisa kutakupa usingizi wiki ya kwanza. Jumamosi itafika, kikoba kitataka marejesho, na watoto wale watavuka barabara kwenda duka la pili kununua kilekile. Sisemi usifunge. Nasema usifunge kwa sababu ya usiku mmoja mbaya.

Kuliacha duka lilivyo na kubadilisha nyumbani tu ni rahisi kwa fedha, lakini binti anapitia dukani kila jioni, na mkono wako kwa yule wa darasa la pili utabaki mzito. Kuna wanaoweza kuishi na hilo bila shida. Wewe, kwa jinsi ulivyoandika, sijui kama utaweza.

Katikati kuna kubadilisha rafu kidogokidogo, na hapo ningekaa zaidi kama ningekuwa pembeni yako. Yule mtoto anakuja na mia tano, hana chai tumboni. Anatafuta kifungua kinywa, na kinywaji cha rangi ndicho kilicho karibu. Chupa ya chai kubwa yenye uji wa moto, uliokorogwa na karanga safi zilizosagwa, ingeweza kukaa kwenye kaunta saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Yai la kuchemsha, ndizi mbivu, muhogo wa kuchemsha, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakatwa na kukaushwa, kwa wanaoyajua. Mwiba wake ni kwamba ndizi inaoza na biskuti haiozi, uji unadai maji salama na vikombe vinavyooshwa kwelikweli, na siku za mwanzo watoto watausogeza pembeni wachukue walichozoea. Utapata hasara ndogo. Kwa hiyo ningeanza na kitu kimoja kwa mwezi mmoja, bila kuondoa kingine, nikaona kinatembeaje. Zungumza pia na mwalimu mkuu kabla, asije akashangaa foleni ya uji getini kwake. Na kwenye halmashauri yenu yupo afisa lishe. Kumuuliza ni bure, na wengi wao hufurahi mfanyabiashara akiwafuata mwenyewe.

Nyumbani, ningeanza na vinywaji kuliko kitu kingine chochote. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku, na afadhali zaidi akibaki chini ya 25. Mtoto wa miaka 9 anahitaji hata chini ya hapo. Soda ya kila usiku ikiwa ya Jumapili, utakuwa umefanya jambo kubwa bila kugusa sahani ya mtu yeyote, na meno yaliyobaki ya binti yatapumua. Maji ya kunywa na nyama ya chungwa lenyewe, siyo juisi yake, vitasaidia pia kile choo kigumu, ingawa kikiendelea mpeleke akaonwe. Risasi ya pili ningeilenga kwenye chumvi, kwa ajili ya presha. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, na pakiti moja ya tambi na kiungo chake nyingine hufika nusu ya hapo au kupita. Pakiti ikiandika sodiamu, zidisha kwa mbili na nusu ndiyo upate chumvi. Siku mtakapokula tambi, weka nusu ya kile kiungo, tupia mayai na kabichi. Hiyo nayo ni hatua.

Chakula cha usiku ndicho kigumu, kwa sababu hapo adui ni uchovu. Kwa nini lazima kisubiri ufunge duka? Kijana wa miaka 13 anaweza kusonga ugali, na si aibu kwake. Maharage ya Jumapili yakichemshwa mengi yanavuka hadi Jumanne mkiyachemsha upya vizuri. Dagaa wakishatolewa mchanga hawahitaji robo saa jikoni, na kwa kuwa wanaliwa mzima na mifupa yake, mtoto anayeota meno anapata madini anayoyahitaji. Siku ambazo mume wako ana zamu ya asubuhi, yuko nyumbani kabla yako. Mtu anayeshika kisu cha sangara kutwa nzima anamjua samaki kuliko mimi na wewe. Pengine atakataa, atasema amechoka na harufu, na ana haki ya kuchoka. Lakini kuna tofauti kati ya kumpikia asichokitaka na kumwomba akuonyeshe jinsi anavyopenda samaki awe.

Na hilo la chakula cha njaa, sitakupa hotuba ya kumpelekea. Ila ukipata jioni tulivu, mnaweza kukumbushana kwamba minofu anayoikata yeye inapanda ndege kwenda Ulaya kwa watu wenye fedha zao, na magunia ya dagaa yanayopakiwa pale soko la Mwaloni Kirumba yanasafiri mpaka Kongo. Ziwa hili halilishi maskini tu. Kisha mwulize, bila haraka, ilikuwaje miaka ile. Michembe ile waliila wapi, na nani, nani alikuwa anagawa. Huenda anachokikataa si kiazi, ni ile siku kiazi kilipokuwa kimoja na watoto walikuwa watano. Akikisema, labda ataweza kuketi kwenye sinia lenye michembe na samaki na mboga kwa wingi, akaona si sinia lile. Labda pia hataweza, na mtakula vingine. Maharage na ndizi za kupika havina kumbukumbu hiyo.

Mama mkwe wako hakusema neno kizingitini, nawe ulilijaza lile neno mwenyewe. Umempigia simu tangu aondoke? Mjulie hali tu, usimweleze kesi. Mwombe likizo ya shule binti aende akae naye kidogo, amfundishe kukata viazi na kuvianika juu ya mwamba. Mtoto aliyemwambia bibi yake "onja" kwa moyo ule ataonja na yeye akipewa. Daraja la Kigongo na Busisi, kwenye njia ya Sengerema, limeshafunguliwa, si safari ya kutisha tena.

Jambo moja silisogezi kabisa. Miezi mitatu aliyopewa mume wako inakaribia kwisha. Kipimo kimoja cha presha hakitoshi kumpa mtu ugonjwa, na sukari ya 6.7 bado iko mahali pa kurudishika kwa chakula, matembezi na usingizi, ila lazima apimwe tena, tena na tena. Mwambie mwende wote wawili, nawe upimwe, maana umekula sahani ileile kwa miaka hiyohiyo na miguu yako imevimba, jambo ambalo umelitaja kwa nusu sentensi kana kwamba si la mtu. Ukikaa naye kwenye benchi mkono wako umefungwa kitambaa cha kipimo kama wake, hatakuwa mgonjwa peke yake. Kabla hujafua lile shati la kazi, toa karatasi mfukoni.